Jamani tuuzieni umeme wa gari kwa uniti, sio kwa dakika

Ndugu Mhariri,

Shikamoo kama umenizidi, kama mimi ndo nimekuzidi basi marahaba. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua maana hili jambo nimelisema kwa watu wa nyumbani mpaka wamenichoka.

Mimi ni mama wa dagaa. Niko soko la samaki la Mwaloni pale Kirumba miaka zaidi ya kumi na tano, nilianza na sado moja ya kukopa nikafika kwenye magunia, na Mwaloni hata kama hukusoma itakufundisha kitu kimoja, mzani. Sangara anapimwa, sato anapimwa, dagaa wakitoka kwenye gunia ni ugomvi mpaka kilo zionekane. Na wote tunajua lumbesa ilivyowaumiza wakulima, gunia linashindiliwa linavikwa kilemba juu alafu bei inabaki ya gunia moja, mpaka Wakala wa Vipimo wakaanza kukamata watu. Sasa mimi nadai hapa kwetu Mwanza nimekutana na lumbesa nyingine ila hii ni ya umeme, na wala haina gunia la kuonyesha mtu.

Mwaka jana nilinunua gari ya umeme, Nissan Leaf ya 2018 iliyotumika Japani, betri yake ilipotoka kiwandani ilikuwa ya uniti 40. Majirani Buswelu walicheka sana, mmoja akasema mama umenunua friji lenye matairi, na mpaka leo ukiwasha inakuongelesha Kijapani hatujui inasali au inatukana. Lakini mahesabu yangu yamekaa vizuri. Nyumbani nachaji usiku kwa soketi, Luku yetu, ile mita ya kulipia umeme kabla, uniti moja na makodi yake ni kama sh 356, kwahiyo hata uniti 40 zote ni sh 14,000 na kidogo, hapo ongeza zile zinazopotea njiani kwa joto. Mafuta ya gari yangu ya zamani kwa mwendo uleule sitaki hata kukumbuka. Shida ya soketi ni uvumilivu tu, nachomeka tukiwa tunakula usiku nachomoa kesho yake saa mbili asubuhi, na biashara ya dagaa saa mbili asubuhi watu wameshauza wamerudi kulala.

Ndo maana nilifurahi niliposikia kuna sehemu wamefunga chaja ya fasta ya kila mtu. Sitaitaja jina wala barabara, sijaandika kumharibia mtu biashara. Siku ya kwanza nilienda alfajiri kabla ya mzigo, gari imelala usiku kucha iko baridi kabisa, betri asilimia 25. Kijana wa pale akanifungulia kifuniko cha puani akachukua ule waya, Mhariri ule waya ni mnene kama mkono wa mtoto na mzito hasa, ukibana unalia kaa! alafu mashine inaanza kuvuma kama feni ya kukaushia mpunga na kwenye dashibodi zile taa tatu za bluu zinaanza kucheza. Kioo cha mashine kikaandika kilowati 44, ndo kasi ya umeme unaoingia kwenye gari. Nikavuka barabara kunywa chai na chapati. (Kuna mtu aliniambia hilo jina la plagi ya Leaf, CHAdeMO, Wajapani wamelichezea kutoka kwenye msemo wao wa kumkaribisha mtu chai, yani gari ikichaji na wewe pata chai. Wamenijulia.) Narudi dakika 25 zimepita, kioo kinasema uniti 18, bei sh 400 kwa dakika, nikalipa sh 10,000. Nikagawa kichwani, inakuja kama sh 555 kwa uniti. Ni zaidi ya Luku lakini sikununa hata kidogo, mashine ile haikuokotwa, transfoma haikuokotwa, na kijana anahitaji mshahara. Nikasema hawa ni watu wa maana.

Wiki iliyofuata nikaenda Geita kudai madeni. Siku hizi Geita ni kama jirani, hilo daraja la Kigongo–Busisi la kilomita 3 tangu Rais Samia alifungue Juni 2025 unapita tu huku unaangalia maji, enzi za kivuko ungekaa pale foleni mpaka samaki wakuozee. Nimeenda na kurudi siku moja, jua kali, nimekimbiza maana mteja wa mwisho alinichelewesha (na hela hakutoa), kufika Mwanza saa tisa mchana betri iko chini na ile alama ya joto la betri imepanda inakaribia nyekundu. Nikapita palepale kwenye chaja. Waya uleule, kijana yuleyule, kaa! ikavuma. Kioo kikaandika kilowati 22.

Nikamwambia dogo mashine yako ina shida. Akasema hapana mama, gari lako ndo linakataa. Na kweli alikuwa sahihi, nilikuja kuuliza kwa fundi nikaelewa, kwenye hii biashara gari ndo bosi, gari ndo inaiambia mashine nipe kiasi hiki, mashine inatii. Sasa Leaf betri yake haina maji ya kupooza kama magari mengi mapya, inategemea upepo tu, ikishachemka inaogopa kuharibika kwahiyo inaomba umeme mdogo mdogo. Sawa, ni haki yake. Nikakaa, chai vikombe viwili, simu ikaisha chaji mimi mwenyewe nikaanza kuchaji simu kwa mama ntilie. Kupata zile uniti 18 kama za siku ile ilichukua dakika 49. Bei? Sh 19,600.

Umeme uleule, uniti zilezile 18, mashine ileile. Alfajiri elfu kumi, mchana elfu ishirini kasoro mia nne. Nikaomba risiti, ikatoka imeandikwa huduma ya kuchaji dakika 49, basi, uniti hazipo hata kwa dawa. Kwenye kioo zilikuwepo nikapiga picha kwa simu ya kijana kabla hazijafutika, lakini karatasi ya kulalamikia inasema dakika.

Alafu nikiwa bado nahema ikaja gari mpya ya Kichina, jamaa akachomeka waya wa upande wa pili, mashine ikaandika kilowati 50, dakika 20 nyingi akapata uniti 16 na kidogo akalipa 8,000 akaondoka. Piga hesabu mwenyewe, huyo uniti yake hata sh 500 haifiki. Mwenye gari mpya ya mamilioni anauziwa bei nafuu kuliko mimi mwenye mtumba. Pale Mwaloni nikimuuzia mteja dagaa kilo moja bei tofauti kwa sababu mfuko wake una mdomo mwembamba watanipiga.

Nilimpigia mwenye mradi na aliongea na mimi kwa heshima, hilo namshukuru. Akanieleza mama sisi hatuuzi umeme, tunauza muda wa mashine, watu wanaacha magari wanaenda zao. Hapo ana hoja na mimi sio mbishi wa kila kitu. Nimewahi kumkuta mtu kachomeka alafu kaenda ufukweni kula sato, gari imeshajaa, taa zimetulia, sisi wawili tumesimama kama tunasubiri maiti, jamaa anarudi na kijiti mdomoni. Huyo mlipisheni, tena mlipisheni haswa. Lakini huyo analipishwa kwa kukaa baada ya kumaliza, mimi nalipishwa wakati bado napokea bidhaa. Hivi vitu viwili havifanani. Uniti ziuzwe kwa uniti, gari ikishamaliza mpe mwenye gari dakika zake kumi za kuja kuchomoa, baada ya hapo dakika zianze kuhesabiwa na wala sitomtetea mtu.

Na kuna hii nyingine watu hawajaistukia. Gari za umeme karibu zote zikifika asilimia 80 zinapunguza zenyewe, betri ikikaribia kujaa haitaki kusukumwa, ni kama kujaza ndoo kwa bomba, mwishoni unafunga kidogo isimwagike. Kwahiyo ile 80 mpaka 100 inaweza kula muda mrefu kuliko ulikotoka. Siku moja nilikuwa na safari ya Shinyanga nikaijaza yote, zile uniti 8 za mwisho peke yake zilichukua dakika 35. Sh 14,000! Hiyo ni sh 1,750 kwa uniti moja ambayo Luku ni 356. Kijana aliponiambia mama chomoa ukifika 80 nilidhani ananifukuza, kumbe ananionea huruma. Tangu siku hiyo nikifika 80 nachomoa hata kama hakuna mtu nyuma, na wewe unayesoma ukiwa na gari hizi fanya hivyohivyo, na ukiweza nenda gari ikiwa baridi. Ila mbona nijifunze ujanja wa kununua umeme kama vile nanunua kitunguu gulioni.

Angalia petroli. EWURA, wale wasimamizi wa nishati na maji, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi wanatoa bei kikomo, mji kwa mji, kwa lita. Pampu imefungwa lakiri na Wakala wa Vipimo. Pampu ikiwa nzito, foleni ndefu, mhudumu anachati, bei ni lita tu, hakuna aliyewahi kuambiwa umekaa kwenye pampu dakika sita. Kwanini umeme wa gari uanze maisha bila mzani? Hizi chaja bado ni za kuhesabu, huu ndo wakati wa kusema, tukisubiri ziwe kila kona kuanzia Nyegezi mpaka Igoma itakuwa ndo mazoea na mazoea ya bei hayatoki. Ninachoomba kwa wakubwa sio hela wala ruzuku. Bei ya uniti ibandikwe pale ukutani kwa maandishi makubwa mtu aisome akiwa kwenye kiti chake, risiti itoke na uniti na bei yake, na ile mita iliyopo ndani ya mashine ije ihakikiwe na watu wa vipimo kama wanavyokuja kuhakiki mizani yetu Mwaloni, sisi ambao jiwe likipungua gramu tunapigwa faini.

Hata ikiwa sh 800 kwa uniti mimi nitalipa. Nimeshasema ile mashine haikuokotwa. Nataka tu kujua nanunua nini.

Ijumaa nina safari ya Geita tena, yule mdaiwa kaahidi (kaahidi mara ya nne hii). Nikirudi nitapita palepale, nimeshanunua daftari la kuandikia uniti, dakika, na joto, na kijana wa pale ameniambia atanisainia kila mstari bosi wake asijue. Kwahiyo jina lake pia usiniulize.

Mama wa dagaa,
Buswelu, Mwanza