Waya wa matawi mawili sio spilita jamani

Ndugu Mhariri, naomba nafasi gazetini kwako niongee na wenzangu wenye vibanda vya mpira huku Mtwara na Lindi kuhusu spilita, kile kifaa cha kugawa picha ya king'amuzi kimoja kwenda TV mbili au zaidi, na wauza vifaa nao wasome.

Mimi nina kibanda umiza Mikindani. Msimu wa korosho uliopita pesa ilivyozunguka nikanunua TV ya pili, inchi 43, maana watu wa nyuma walikuwa wananung'unika, kuna nguzo katikati ya banda inawakata nusu ya uwanja. King'amuzi ninacho kimoja, basi nikaenda mjini dukani nikamwambia kijana nataka kitu cha kugawa picha TV mbili, akanipa kiwaya kifupi cha HDMI, zile waya za siku hizi za kupeleka picha na sauti kwenye TV, chenye matawi mawili, elfu 8, akasema chomeka tu bosi inapiga kazi. Siku yenyewe Simba na Yanga, banda limejaa mpaka mlangoni, nachomeka TV ya kwanza inaonesha, nachomeka ya pili zote giza, nachomoa moja picha inarudi, nachomeka tena giza. Dakika ya 20 nikaanza kurudisha mia tano tano za watu, na mzee wangu mmoja anayekaaga nyuma ya nguzo kila wiki akanyanyuka akaondoka, hela yake hata hakuidai. Iliniuma sana ile.

Baadae fundi ndo akanielewesha. Zile waya za AV za zamani, nyekundu nyeupe na njano, ulikuwa unaweza kuzigawa kienyeji na picha ikaja, imefifia kidogo tu. HDMI ni dijitali, king'amuzi na TV vinaongea kwanza, TV inajitaja uwezo wake wa picha, afu vinapeana funguo za siri za kuzuia watu wasirekodi, wanaita HDCP, na maongezi hayo ni ya wawili tu. Ukibandika TV mbili kwenye waya mmoja zinajibu kwa pamoja, king'amuzi kinachanganyikiwa kinakata picha. Spilita yenyewe ni kiboksi chenye adapta yake ya umeme, tundu moja la kuingiza na mawili au manne ya kutoa, kinaongea chenyewe na king'amuzi halafu na kila TV kivyake. Na swichi ni kinyume, inachukua ving'amuzi viwili kupeleka TV moja, nayo nimeikuta inauzwa kwa jina la spilita!

Mengine nimejua kwa kuhangaika. TV moja ikiwa ya zamani, spilita nyingi zinashusha picha ya zote ziendane na hiyo, sio ubovu. Waya ukizidi mita 10 hivi picha inaanza kutoa vinukta vinukta au inapotea potea, kwa banda refu bora vile viboksi viwili vya kurefusha HDMI, kimoja kila mwisho, vinavyounganishwa kwa waya wa mtandao wa Cat6. Umeme ukikatika ukarudi washa TV kwanza, ifuate spilita, king'amuzi mwisho.

Sasa nyie wauza vifaa, mteja akikwambia TV mbili kwa wakati mmoja ule waya wa matawi usimpe kabisa, na kiboksi cha spilita mjaribishie hapo hapo, TV si zimejaa ukutani dukani kwako? Na mwenye kibanda anayetaka kuona nilivyofunga aje Mikindani mchana, mechi ikishaanza siwezi kumsikiliza mtu.

Mwenye kibanda,
Mikindani, Mtwara