Picha ya kusaini unayo, mkataba uko wapi? Barua kwa viungo wa ligi za chini

Wanangu mnaocheza namba 6 na namba 8 kwenye timu ambazo mechi zake hazionyeshwi popote, salamu. Naandika nikiwa na hasira, nawaambia mapema, na wenye kustahili hasira yangu wengi ni watu wazima wenzangu, ila kuna mahali nitawafokea na nyie.

Juzi kijana mmoja kanifuata, kiungo mkabaji, mkata umeme hasa, yaani ukimwona anavyogeuza shingo kucheki nyuma kabla mpira haujamfikia unajua huyu kafundwa. Hajalipwa mishahara mitatu. Nikamwambia lete mkataba tuusome. Akatoa simu, akapekua weee, akanionyesha picha: yeye katikati, kalamu mkononi, jezi mpya begani, kiongozi wa timu pembeni yake wanacheka. Nikasema sawa nimeiona, mkataba sasa. Akanionyesha picha nyingine, ni ileile imepigwa kwa upande wa pili. Nikaivuta kwa vidole nione angalau ile karatasi ya mezani imeandikwa nini, kiganja chake kimeziba yote. Miezi 14 anachezea timu ile na nakala hana. Aliambiwa atapewa ikishagongwa muhuri.

Jamani, muhuri gani huo unaogongwa miezi 14?

Imeniuma kwa sababu na mimi nilifanywa hivyohivyo. Nimecheza misimu 17, timu 11, zote za chini, na sioni aibu hata kidogo, nimelea familia kwa kukaba. Timu yangu ya nne nilisaini miaka miwili. Mwezi wa tano goti likaenda, nilisikia mlio kabisa, kama mtu kavunja kijiti kikavu. Wiki ya sita nikiwa bado na magongo katibu akaja kuniona, akaongea kwa upole sana, akasema mkataba wangu ulikuwa wa msimu mmoja. Nikamwambia ni miwili. Akasema basi tuangalie nakala yako. Sikuwa nayo. Hakuna tulichobishana tena, akakunja miwani yake akaaga. Nikajitibu kwa pesa za kaka yangu, mwezi wa sita baada ya kuumia nikarudi uwanjani kwa sababu watoto walitaka kula, goti likaachia tena. Leo madaktari wa michezo wanashauri ukipasuliwa ligamenti ile ya mbele ya goti usirudi kwenye mechi kabla ya miezi 9 hata kama unajiona mzima. Mimi hadi leo ngazi nashuka kiubavu.

Tangu siku ile kwenye mfuko wangu wa viatu kulikuwa na bahasha ya kaki ndani ya nailoni, na humo mkataba, kila barua, kila karatasi ya hospitali. Wenzangu walinicheka. Timu ya saba ilipotaka kunikata mshahara katikati ya msimu niliitoa ile bahasha mezani, na mshahara wangu ukabaki palepale.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kwa kanuni za FIFA mchezaji wa kulipwa ni yule mwenye mkataba wa maandishi na anayelipwa zaidi ya gharama zake za kucheza. Mkataba unadumu angalau mpaka mwisho wa msimu na kwa kawaida hauzidi miaka 5, na kama hujafika miaka 18 usisainishwe zaidi ya mitatu. Mkibaki na miezi 6 ya mkataba ruksa kuongea na timu nyingine. Na hili ndilo wanalowafichia: uhalali wa mkataba haupaswi kutegemea vipimo vya afya, vipimo vinafanywa kabla ya kusaini, kwa hiyo akikwambia saini kwanza halafu daktari akikukataa karatasi inachanwa, usisaini.

Kuhusu mishahara, kanuni inasema timu ikishindwa kukulipa angalau miwili bila sababu halali unaweza kuvunja mkataba, lakini kwanza uwaandikie kwamba unawadai na uwape siku zisizopungua 15. Uwaandikie! Sio umpigie kocha simu, sio uposti fumbo saa nane usiku. Halafu uliza shirikisho lenu au chama cha wachezaji hiyo kanuni inatumikaje kwenye ligi yenu, maana kuna ligi zina utaratibu wake. Vyama vya wachezaji vipo, umoja wao wa dunia FIFPRO umekuwepo tangu 1965, tatizo letu viungo tunaanza kuvitafuta tukishaumia.

Yule kijana alikuwa ameshaamua kugoma mazoezi. Nikamkataza kwa ukali. Ukikosa mazoezi wiki mbili wanaandika umetoroka kazini, na hapo wewe unayedai unageuka unayedaiwa. Nenda mazoezini, saini daftari la mahudhurio, kimbia kama umelipwa jana.

Mengine nayataja tu maana mnayajua. Usiuze mechi, hata kadi ya njano usiuze. Usibeti mpira. Usichomwe sindano ya maumivu ili ucheze dakika 90 bila kuambiwa ni dawa gani na kinachouma ni nini. Lala mapema. Leseni ya ukocha anza ungali unacheza.

Na nyie viongozi, kwa kuwa najua mtaisoma. Pesa ya kumleta mshambuliaji mpya dirisha dogo la usajili mnaipata wapi wakati kiungo wenu anaazima nauli ya kuja mazoezini? Mkidaiwa mnamtaja Kanté, kwamba naye alianzia chini. Kweli N'Golo Kanté alikuwa daraja la tatu Ufaransa na Boulogne msimu wa 2012/13, akawa bingwa wa Uingereza na Leicester 2016, akarudia na Chelsea 2017, na 2018 akabeba Kombe la Dunia. Nampenda kuliko kiungo yeyote aliye hai. Lakini habari za Kanté hazimlipii mtu kodi ya nyumba, na mnazitumia kuwafanya watoto wa watu wavumilie wasichotakiwa kuvumilia. Na sisi mashabiki tunamzomea kijana kwa pasi moja iliyopotea, hatuulizi kala nini asubuhi.

Wanangu, sijasema muache kuota. Oteni. Ila leo hii, kabla hujalala, muombe katibu nakala yako kwa meseji ili ushahidi wa kuomba ubaki kwenye simu, na ukisaini tena usinyanyuke kwenye kiti mpaka uwe na karatasi yenye saini zote, piga picha kila ukurasa, mtumie mama au mkeo.

Jana usiku yule kijana kaandikia barua yake mezani kwangu. Kairudia mara tatu, ya kwanza ilikuwa na matusi, ya pili alisahau tarehe. Ya tatu imetulia: miezi mitatu kaitaja kwa majina, kiasi kakiandika, siku 15 kaziandika, na nakala ya mkataba kaiomba humohumo. Tumetoa kopi mbili, moja ni ya kugongewa kwamba imepokelewa. Ameipeleka asubuhi hii kabla ya mazoezi, kaniambia jioni atapita na ile kopi yenye muhuri, na bahasha ya kaki nimeshamwekea mezani.