Kibao Kisipakwe Rangi Kwanza

Kwako Mwalimu Athumani,

Assalaam aleikum. Natumai nyumbani hawajambo na Bi Mwanahamisi keshapata nafuu ya mguu. Huku tu salama. Salamu nyingine ngoja kwanza, maana picha uliyotuma imeninyima raha: kile kibao cha chumba cha maonyesho, "Ali bin al-Hasan, sultani wa kwanza wa Kilwa, mwaka 1200". Fundi wa rangi keshaanza? Mzuie, hata kwa kumtengea chai.

Mwaka huo najua umetoka wapi. Chittick, aliyechimba Kilwa Kisiwani miaka ya 1960, alizikuta sarafu za shaba za Ali kuanzia tabaka za udongo alizozihesabu kuwa za mwisho wa karne ya 12, akamweka sultani hapo hapo. Kabla yake mwanahistoria Freeman-Grenville alifuata orodha ya watawala iliyo kwenye tarikh ya Kilwa, yaani kitabu cha habari zake za kale, akarudi hadi 957. Miaka mia mbili na ushei baina yao, na wote wasomi! Kilichomponza Chittick ni sarafu yenyewe. Haina mwaka, ina jina la mtawala na maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, upande mmoja ukipatana vina na wa pili. Tena sarafu za Ali ziliendelea kutumika muda mrefu baada yake, ndiyo maana zinaokotwa hata tabaka za juu kabisa. Sarafu kama hiyo haikuambii ilipigwa lini. Inakuambia ilidondoka lini.

Kilichogeuza hesabu ni Mtambwe Mkuu, kule Pemba, 1984. Lilipatikana fungu la vijisarafu vya fedha zaidi ya 2,000 vyenye majina ya watawala wa pwani, Ali bin al-Hasan akiwamo, pamoja na dinari chache za dhahabu za Kifatimi, yaani za watawala wa Misri wa enzi hizo. Dinari zina mwaka, na ya mwisho ni ya 1066. Hapa ndipo wengi wanapoteleza: 1066 haisemi fungu lilifukiwa 1066. Inasema halikufukiwa kabla ya hapo. Ni sakafu, si dari. Dari unaipata kwa kuuliza kisichokuwamo: kama mtu alilifukia 1200, dinari za ile miaka mia na zaidi ya katikati ziko wapi? Hazimo. Basi fungu ni la karne ya 11 kuelekea mwisho, na Ali hawezi kuwa wa 1200. Utaniambia akina Ali bin al-Hasan ni wengi. Kweli, lakini na mtindo ule ule wa vina? Mimi naona ni yeye. Hata hivyo usiandike 1066 kibaoni! Andika "karne ya 11" uishie hapo.

Sasa Salim na kaboni yake, kile kipimo cha maabara cha kujua umri wa vitu vilivyokuwa hai. Anasema kombe la chaza alilopima limetoa miaka 1,000, akatoa kwenye 1950, mwaka ambao maabara huanzia kuhesabu kurudi nyuma, akapata 950, akaruka: Freeman-Grenville alisema kweli! Mwambie ashuke. Kwanza, miaka ya maabara si miaka ya kalenda mpaka ipitishwe kwenye mchoro wa marekebisho, unaoigeuza kuwa miaka ya kalenda. Mkaa wa miaka 1,000 kwa kawaida huangukia karne ya 11, mkia ukigusa ya 12. Pili, kombe hula kaboni ya bahari, ambayo ni kongwe kwa takriban miaka 400. Ukiirekebisha, chaza wake anaweza kuwa wa karne ya 14, au hata ya 15. Si wa Ali wala wa baba yake. Akitaka kupima tena, atafute punje za mtama zilizoungua, kwa kuwa punje huishi msimu mmoja tu. Mkaa wa moyo wa gogo kubwa unaweza kuzidi umri wa moto wenyewe kwa karne nzima au zaidi. Azishike kwa koleo safi, azifunge kwenye karatasi ya alumini, lebo ya karatasi ikae nje. Na asiponiandikia zilitoka tabaka gani na kina gani, zitabaki punje tu.

Nilitaka pia kukuambia kuhusu Kizimkazi, kule Unguja... lile andiko la msikiti ni mwaka 500 wa Hijria. Usijumlishe 622 tu ukapata 1122. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa Kizungu, kwa hiyo zidisha kwanza kwa 0.97: 485, ongeza 622, ndiyo 1107.

Na zile sarafu 5 za Kilwa zilizookotwa Australia mwaka 1944, ambazo Salim anasema zinathibitisha mabaharia wetu walimtangulia Mzungu? Zilikuwa pamoja na sarafu 4 za Kiholanzi, ya zamani zaidi ya 1690, za karibuni zaidi za miaka ya 1780. Sakafu hiyo hiyo, Mwalimu! Na kwa vile aliyeziokota hakupima tabaka, dari hatuipati kabisa.

Haya, nijibu. Fundi amefika wapi? Bei ya kibao kipya ni kiasi gani, na mwalimu mkuu atakubali kulipa? Salim alilichukua kombe lile shimoni au juu ya mchanga? Ile sarafu ya Mzee Makame bado iko chupani, au keshaisugua kwa ndimu?

Ni mimi,
Idrisa