Kwa nini tunawapeleka wageni Arnos Grove kuangalia stesheni

Swali linalotujia kuliko yote kwenye WhatsApp ni hili: "Jamani, mtu atoke Dar mpaka London, halafu mumpeleke kuangalia stesheni?" Anayeuliza ana haki yake. Kwenye orodha ya ziara zetu kuna Big Ben, kuna makumbusho, kuna kupanda boti Mto Thames, halafu chini kabisa pameandikwa "Piccadilly kaskazini, nusu siku". Jina la Arnos Grove halimwambii mtu kitu. Basi tueleze kinachofanyika huko, ili anayelipa ajue analipia nini.

Wageni wetu wengi wakitua Heathrow huingia mjini kwa treni ya Piccadilly, ile yenye rangi ya buluu iliyokolea kwenye ramani. Wanashuka katikati ya jiji, wanaburuta masanduku yao, na treni inaendelea na safari. Inaishia Cockfosters, ukingoni mwa jiji upande wa kaskazini, na stesheni za kipande hicho cha mwisho ni kati ya majengo bora yaliyojengwa Uingereza katika miaka ya 1930. Nyingi zimo kwenye orodha ya majengo ya urithi. Arnos Grove, Southgate na Oakwood zina daraja la II*, la pili kwa juu. Kubadilisha jengo la namna hiyo bila kibali ni kosa la jinai, na sheria hiyo inamhusu hata mwenye jengo.

Tunaanzia Russell Square, na mwanzo huo tumeuchagua kwa makusudi. Stesheni yenyewe ilifunguliwa mwaka 1906, kazi ya msanifu Leslie Green: ukuta wa vigae vinavyong'aa, vyekundu vya damu iliyoganda, na madirisha makubwa ya tao juu. Green alichora stesheni nyingi za namna hii kwa muda mfupi sana, kisha akafariki mwaka 1908 akiwa na miaka 33 tu. Paa zake ni bapa na ndani kuna fremu ya chuma, kwa sababu kampuni ilitaka ije kujenga ofisi juu yake na kuzikodisha. Yaani stesheni ilikuwa mlango wa biashara, na ile rangi ilikuwa bango lake.

Hatua chache kutoka hapo ipo SOAS, chuo kinachofundisha Kiswahili miaka nenda miaka rudi, na maktaba yake inahifadhi hati za kale za tenzi za pwani yetu. Wageni wa Mombasa na Lamu hupenda kupiga picha pale hata kabla hatujawaambia neno. Jengo kuu la chuo hicho, na ule mnara mweupe wa Senate House ulio jirani, vilichorwa na Charles Holden. Na Holden ndiye mwenye stesheni tunazokwenda kuziona. Ukishalitazama jengo la SOAS, lile lililotulia, lisilo na nakshi za kujionyesha, umeanza kumfahamu mtu huyu. Serikali ilitaka kumpa cheo cha "Sir" mara mbili, akakataa mara zote mbili. Yeye aliona usanifu ni kazi ya wengi, hauna mtu mmoja wa kuvishwa taji.

Sasa tupande treni. Zamani njia hii ilikomea Finsbury Park. Jioni maelfu ya wafanyakazi walishuka pale na kugombania mabasi na tramu za kwenda mbele, na malalamiko yalipamba moto miaka mingi. Ilipofika mwisho wa miaka ya 1920, serikali ikihangaika na ukosefu wa ajira, ikaunga mkono fedha za kuirefusha njia kaskazini. Msimamizi wa mambo hayo upande wa kampuni alikuwa Frank Pick, mtu ambaye hakuacha kitu kiende hivihivi, kuanzia herufi za mabango mpaka mahali pa kuweka pipa la taka. Mwaka 1930 Pick na Holden walifunga safari kwenda Ujerumani, Uholanzi, Denmark na Sweden kutazama majengo mapya. Waliporudi, Holden akajaribu mawazo yake magharibi mwa jiji, Sudbury Town, mwaka 1931. Mwenyewe aliita mtindo ule sanduku la matofali lenye kifuniko cha zege. Maelezo yote ya wataalamu waliokuja baadaye hayajalizidi hilo kwa ufupi.

Arnos Grove ilifunguliwa tarehe 19 Septemba 1932, na hapo sanduku likageuka duara. Ukitoka nje ya stesheni, vuka barabara kabisa, usitazame ukiwa umeigusa. Utaona jengo la chini, refu kwa ghorofa moja, na katikati yake ukumbi wa mviringo umeinuka. Ukuta wa ukumbi ni nguzo za matofali, na kati ya nguzo na nguzo ni dirisha refu lenye fremu nyembamba za chuma, vioo vidogovidogo kutoka chini hadi juu. Kisha zege bapa limetokeza kidogo juu ya matofali, na habari imeishia hapo. Wazo la duara kuchomoza juu ya jengo la pembe nne lilitoka Stockholm, kwenye maktaba ya jiji iliyojengwa na Gunnar Asplund na kufunguliwa mwaka 1928. Maktaba ile ina utukufu wa kutisha kidogo. Holden aliushusha ukubwa wake ukawa wa kumfaa mtu anayewahi kazini, na kwa maoni yetu hapo ndipo alipomzidi mwenzake.

Ingia ndani. Katikati ya ukumbi imesimama nguzo moja tu ya zege, na paa limekaa juu yake na juu ya ukuta wa duara kama mwamvuli uliofunguliwa. Kwenye shina la nguzo hiyo kuna kibanda kidogo cha mbao na vioo. Humo ndimo alimokaa mkata tiketi, abiria wakimpitia kushoto na kulia bila kugongana. Leo tiketi haziuzwi humo, lakini hakuna aliyethubutu kukiondoa. Simama karibu nacho, inua macho. Mwanga unaingia kutoka pande zote kwa wakati mmoja, hivyo kivuli chako hakijui kilale wapi. Mama mmoja wa Tanga alikaa pale muda mrefu, mkoba kifuani, halafu akamwambia kijana wetu: "Mwanangu, hapa hata treni ikichelewa sikasiriki." Hatujapata mteja aliyelisema vizuri kuliko yeye.

Baada ya hapo ni Southgate, iliyofunguliwa Machi 1933. Nayo ni duara, lakini fupi, na ukanda wa vioo unaizunguka chini ya paa kiasi kwamba paa linaonekana halijashikwa na kitu. Juu kabisa pana kichwa cha taa chenye mpira kileleni. Watoto huipenda kuliko Arnos Grove, na hatubishani nao. Teremka ngazi za umeme uone taa zake za shaba zilizosimama kati ya ngazi na ngazi, zikimulika juu badala ya chini. Wageni wenye magoti yenye matatizo watuambie mapema: Southgate haina lifti, na Arnos Grove jukwaa la treni liko chini ya ukumbi, lazima mtu ashuke na kupanda ngazi. Kwao tunapanga Oakwood na Cockfosters, ambako lifti zipo. Cockfosters kwa nje haina makuu, lakini ukumbi wake wa majukwaa, wenye fremu za zege tupu zinazopanda juu ya reli, unamfaa sana mtu anayependa kujua jengo linasimamaje.

Kuhusu nauli, kadi ya benki ya kugusa inatosha, mradi uguse unapoingia na unapotoka. Kila ukitoka stesheni na kuingia tena unahesabiwa safari nyingine, ila kuna kiwango cha juu cha siku, na ukikifikia hukatwi zaidi. Siku za kazi nauli hupanda saa 12:30 hadi saa 3:30 asubuhi, na tena saa 10 jioni hadi saa 1 usiku. Ndiyo maana ziara ya kawaida huanza saa 4 asubuhi.

Picha za simu kwa matumizi yako ni ruhusa. Flashi hapana, maana humsumbua dereva wa treni, na stendi ya miguu mitatu haitakiwi. Anayetaka kupiga picha za harusi au za matangazo lazima aombe kibali na kukilipia. Hilo tunaweza kumsaidia, ila si kwa taarifa ya siku moja.

Wanaokuja Desemba tunawashauri wachague ziara ya mchana badala ya asubuhi. Jua la London mwezi huo huzama kabla ya saa 10 alasiri, na stesheni hizi zilichorwa zikifikiriwa usiku pia: giza likiingia, yale madirisha marefu ya Arnos Grove huwaka kutokea ndani na jengo lote hugeuka tangazo la taa, bila neno hata moja kuandikwa juu yake. Vaeni makoti mazito, maana pa kuitazamia vizuri ni ng'ambo ya barabara, na upepo wa pale hauna huruma. Nafasi za wiki ya Krismasi hujaa mapema. Anayeitaka atutumie ujumbe pamoja na idadi ya watu, umri wa watoto, na kama kuna mtu asiyeweza ngazi.