Kwa binti ami yangu, kuhusu nyumba ya Kibokoni

Binti ami, asalaam aleikum. Ile picha uliyoweka kwenye grupu la familia nimeiona, mlango wa nyumba ya Bibi na namba ya dalali chini yake, watu wakaweka mikono ya dua wakanyamaza. Mimi sikujibu pale. Nilikupigia simu ikaita mpaka ikakatika, nikapiga tena ikawa vile vile, basi naandika hapa, na ukiona aibu watu kusoma mambo yetu ujue mlango wa kwanza niliogonga ulikuwa wako.

Kwanza hujambo? Watoto? Huyo mdogo kifua kimepoa? Mkande mafuta ya nazi yenye kitunguu saumu kama alivyokuwa akitufanyia Bibi, usimpe dawa kila akikohoa.

Wallahi Mombasa inanisumbua. Watu huku Nairobi ukiwaambia unatoka Mombasa wanakutajia bichi na hoteli, na mimi sijui hoteli, mimi najua Jumapili jioni Bibi akitupa hela tunatoka Kibokoni tunapita Ngomeni mpaka Lighthouse, tunakaa chini ya mibuyu, meli inaingia Kilindini karibu mno hata mabaharia unawaona wameegemea chuma, wewe unawapungia mkono na muhogo uko mdomoni, pilipili na ndimu zimekuchoma midomo na hutaki kusema. Siku hizi pametengenezwa, tangu 2019 pana sakafu na mabenchi, pazuri sikatai, nilipita na wanangu na wakafurahi. Lakini nilikuwa nikikutafuta wewe pale.

Na asubuhi. Adhana ya kwanza, kisha ya pili inaidaka, kisha muuza kahawa na vikombe vyake anapita chini ya dirisha. Bibi kaukanda unga wa mahamri usiku, tui zito na iliki ya kutwanga mwenyewe, kaufunika kwa ile leso yake kuukuu, asubuhi umejaa beseni mpaka unainua kitambaa. Mimi huku mwezi wa Julai naufunika, nauweka karibu na jiko, naamka alfajiri umelala pale pale haujapanda hata kidogo kwa baridi, nachoma hivyo hivyo wanangu wanakula wanasema matamu, na mimi najua si yenyewe.

Halafu ile hofu yake ya feri, unakumbuka? Tangu ilipozama ya Mtongwe Aprili 1994 wakafa watu zaidi ya 270, Bibi hakutaka tena kuvuka. Harusi ya Likoni mpaka abembelezwe siku nzima, na akishaingia anasimama karibu na mlango kashika mikono yetu wote wawili, anasoma kwa sauti mpaka ng'ambo, na hatuachii mpaka tumekanyaga lami. Mimi mkono wa kulia wewe wa kushoto. Hatukuwahi kubadilishana.

Kwa hivyo niambie wewe, ilikuwaje siku ile ya kumzika Bibi.

Ulinipigia usiku ukalia, nikalia, ukaniambia panda treni ya asubuhi, tutakungoja, tutamswalia alasiri. Neno lako hilo, alasiri. Nikapanda. Kufika Voi nikakutumia ujumbe nipo Voi, ukajibu sawa. Sawa tu. Treni yenyewe si ile ya zamani iliyokuwa ikikuleta mpaka kisiwani, inakutupa Miritini, na kutoka Miritini hadi mjini unajua ile foleni ya malori pale Changamwe, nilishuka kwenye matatu nikachukua tuktuk, nikamwambia kijana mjomba wahi nina maiti, masikini alipita mpaka juu ya vijia vya watu. Nikateremka hapo karibu na Ngome nikakimbia na begi, viatu mkononi. Alasiri ilikuwa haijaadhiniwa! Naingia uchochoro wetu naona wanaume wa mtaani na kanzu zao wanarudi kutoka Kikowani, mmoja akanipa mkono wa pole na mimi bado sijaelewa, namtazama tu, na vumbi la kaburini liko kwenye pindo la kanzu yake.

Wewe ulikuwa mlangoni na birika la kahawa. Hukuliweka chini. Ukaniambia, "Pole, tushamzika. Joto hili hangekaa."

Hangekaa! Bibi yangu. Mimi najua sheria, najua maiti haicheleweshwi, najua hata ningewahi nisingekwenda makaburini, wanawake tunabaki nyumbani, sikudai kwenda makaburini. Nilidai kumuona uso kabla hajafunikwa, basi. Saa moja tu mngenipa. Maji ya kumuoshea bado yalikuwa yamelowesha sakafu ya ule ukumbi, nilikanyaga na soksi zangu zikaroa, na wewe ukapita na birika ukaenda kumimina kahawa.

Tangu siku hiyo tumeongea kwenye Idd, tumeongea mtoto wako alipozaliwa, nimecheka na wewe kwenye simu na kucheka kwangu hakukuwa kwa uongo. Lakini lile birika bado naliona.

Sasa hii habari ya nyumba. Sikuandikii kwa fungu. Babangu alitangulia kabla ya mamake na ami yupo, kwa hivyo mbele ya kadhi mimi sina changu pale, hilo nalijua kabla hujaambiwa na mtu uniambie. Nakwambia kama dada. Huyo dalali anayewatia tamaa kwamba mnunuzi atavunja ainue ghorofa anawadanganya, au anamdanganya mnunuzi. Mji wa Kale, na Kibokoni yetu ndani yake, uko chini ya hifadhi tangu 1990, huwezi kubomoa nyumba wala kubadilisha sura yake bila kibali, na mlango wa nakshi si kitu cha kung'oa usiku ukapakie kwenye gari. Mwambie ami aende akaulize mwenyewe kabla hajachukua hela ya mtu. Kama shida ni paa, paa linaezekwa. Pangisheni chumba cha chini, lile duka lililokuwa la mshona kofia, kodi yake iwe ya matengenezo. Mimi ningekuwa hapo ningefanya hivyo.

Najua hapo utasema, ungekuwa hapo, kwani nani alikwambia uondoke. Ulishanitupia hilo neno mbele ya watu. Basi sikia. Sikuondoka kwa kiburi wala kwa kupenda baridi. Kazi ya mume wangu ilikuwa makontena, Changamwe kule kwenye madepo, na makontena yalipoanza kupandishwa reli moja kwa moja mpaka Nairobi, depo likabaki uwanja mtupu, vijana wa mizigo wakakosa hata mzigo mmoja, wenye magari wakayapaki. Nenda Jomvu uliza. Ikabidi tuyafuate makontena yalikokwenda. Nani angelisha wanangu, mibuyu ya Lighthouse? Na dawa za presha za Bibi kila mwisho wa mwezi zilitoka M-Pesa yangu, hilo sijawahi kulisema na leo ndo nalisema, kwa sababu aliyekaa karibu anahesabiwa kwa kukaa kwake na aliye mbali hahesabiwi kwa lolote. Wewe ulimuogesha, ulimlisha, ulilala naye hospitali, na mimi sikunyang'anyi thawabu zako, Mungu akulipe kila usiku mmoja. Lakini usinifute.

Likizo ya Disemba tunakuja, bahari ya kaskazi ishaanza kutulia na wanangu wataogelea. Ikiwa nyumba ingali yetu tutalala chumba cha juu, nitilie neti. Ikiwa imeuzwa nitafikia kwako, maana mimi sitalala hoteli Mombasa. Ile mbuzi ya kukunia nazi, iliyopasuka kiti ikafungwa waya, usimpe mtu wala usiiuze na vyombo vingine, hiyo naomba iwe yangu, na naiomba kwako si kwa ami.

Na siku hiyo kabla sijavua buibui tukae wawili, milango ifungwe, unambie ni nani aliyesema nisingojwe. Kama ni ami nitajua la kufanya. Kama ni wewe, nambie ni wewe.