Barua kutoka Brisbane: ngozi ya mjukuu wako haitazoea jua

Brisbane, Australia
Januari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta u mzima, wewe na wote hapo nyumbani Mwanza. Mimi sijambo. Kilichonifanya niandike badala ya kupiga simu ni lile neno ulilosema juzi, kwamba mjukuu wako ameanza kulizoea jua kwa kuwa siku hizi habambuki mabega kama zamani. Niwie radhi, Mama, lakini katika hili sikubaliani nawe, maana ngozi yenye ualbino kama yake hailizoei jua hata kidogo.

Kazini tunajenga nyua nje mchana kutwa, nasi tu watatu: mmoja ni Mwairishi mwenye nywele nyekundu, wa pili ana asili ya Ugiriki, na wa tatu ni mimi. Siku moja mwezi Novemba tulivua mashati ya mikono mirefu, jambo ambalo msimamizi alikuwa ametukataza. Kufikia jioni Mwairishi alikuwa ameiva shingo yote, na kesho yake alishindwa hata kuvaa fulana. Mgiriki aliwiva kidogo tu, kisha baada ya siku chache akakolea rangi ya kahawia. Mimi sikuona chochote, nikawacheka. Wiki mbili baadaye makovu ya chunusi usoni mwangu yalikuwa yamegeuka madoa meusi, nayo yapo mpaka leo ninapokuandikia.

Mwaka 1975 daktari wa ngozi wa Marekani, Thomas Fitzpatrick, aliwapanga watu si kwa kuwauliza ni wa rangi gani, bali kwa kuwauliza ngozi zao hufanya nini zikipigwa na jua: je, hubabuka, au hukolea rangi? Alianza na aina nne za watu weupe, kisha zikaongezwa mbili kwa ajili yetu sote wengine, ndiyo maana nadhani kipimo hicho kinatubana kidogo sisi Waafrika. Hata hivyo swali lake ni zuri. Mwairishi yumo katika aina ya kwanza, ambayo hubabuka daima wala haikolei, na mimi nimo katika ya sita. Mjukuu wako, ingawa wazazi wake wote wawili ni weusi kama mimi, yumo katika aina hiyo ya kwanza pamoja na Mwairishi, tena chini ya jua la Mwanza.

Nilidhani watu weusi tuna seli nyingi zaidi za kutengeneza rangi, kumbe idadi yake inakaribiana kwa binadamu wote. Tofauti imo katika wingi na aina ya rangi yenyewe, iitwayo melanini, ambayo hukaa juu ya kiini cha seli kama mwavuli na kukikinga na mionzi ya urujuanimno, ile ya jua inayobabua ngozi. Mwenye ualbino anazo seli hizo. Mafundi wapo kazini, ila rangi hawana. Ngozi ya Mgiriki ikipigwa na jua huongeza melanini, na huko ndiko kuzoea tunakokusema. Ngozi ya mtoto haina cha kuongeza. Ikiwa habambuki, huenda ni kwa sababu umekuwa ukimweka kivulini zaidi, nami nakushukuru kwa hilo, lakini madhara ya kila siku hujumlishana kimyakimya hata pale ambapo ngozi haikubabuka.

Jimbo hili la Queensland ni miongoni mwa mahali penye saratani ya ngozi nyingi zaidi duniani, kwa hiyo shule za msingi zina kanuni kwamba asiye na kofia hachezi nje. Naomba uzungumze na mwalimu mkuu ili mtoto aruhusiwe kuvaa kofia pana, suruali na mikono mirefu, na asimame chini ya mti wakati wenzake wako mstarini. Darasani akae mbele kwa ajili ya macho yake, lakini mbali na dirisha. Jua la kuogopwa zaidi ni la saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, na ukiona kivuli chake ni kifupi kuliko kimo chake, mwingize ndani, hata kukiwa na mawingu mepesi.

Mafuta ya kukinga jua mpake dakika 20 kabla ya kutoka, usisahau masikio na shingo kwa nyuma, kisha yarudiwe kila baada ya saa mbili. Usihangaike kutafuta yenye namba ya kinga (SPF) 50, kwani ya 30 huzuia takribani asilimia 97 ya mionzi inayobabua, na ya 50 asilimia 98 tu. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, hutengenezwa mafuta yaitwayo Kilisun mahsusi kwa watu wenye ualbino. Ulizia kliniki ya ngozi kama yanafika Mwanza. Ukiona kidonda au kigamba kisichopona kwa mwezi mzima, mpeleke hospitali bila kungoja nitume fedha.

Nawe pia, Mama, ukioga tazama nyayo na kucha zako, kwa maana saratani kali ya ngozi ikitupata sisi weusi hupenda kujificha huko.

Nimetuma kofia mbili kwa mtu anayekuja mwezi ujao. Ile ndogo ni ya mjukuu, na kubwa ni yako ya shambani.

Ni mimi mwanao.