Mikutano ya AA: kwa mnaotafuta pa kuanzia

Habari za jioni wapendwa. Kadhaa mmeniuliza inboksi jinsi ya kupata mkutano wa AA (Alcoholics Anonymous, vikundi vya watu wanaosaidiana kuacha pombe) hapa Nairobi. Pigeni 1192, laini ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, ni bure, mwulize mikutano iliyo karibu nanyi. Kuna pia ya mtandaoni, inayomfaa aliye mbali au anayeogopa kuonekana.

Ukipata mkutano, uliza kama ni wa wazi au wa kufungwa. Wa wazi hata mke, mume au rafiki anaweza kukusindikiza; wa kufungwa ni wa wenye shida ya pombe pekee. Hakuna ada, hakuna kujiandikisha, jina la kwanza latosha. Si lazima uzungumze. Mkutano wa kwanza usipokugusa, tafadhali jaribu mwingine, maana kila kikundi kina watu wake.

Jambo moja nasisitiza: kama mtu amekuwa akinywa sana kila siku, asiache ghafla bila kumwona daktari. Degedege la kukatiza pombe linaua.

Familia nazo zina mikutano yao, Al-Anon. Anayetaka mtu wa kumsindikiza mara ya kwanza aniandikie, nitaenda naye.